Kusawazisha saa za vigunduzi katika kupima uozo wa nyutroni

Katika jaribio la Nab, kwenye maabara ya Oak Ridge huko Tennessee, Marekani, nyutroni inapooza, protoni na elektroni yake hupokewa na vigunduzi viwili vya silikoni, kimoja juu na kimoja chini, kila kimoja kikiwa na pikseli 127. Protoni yenye nishati ya juu kabisa, eV (elektroni-volti) 751, huhitaji takriban mikrosekunde 13 kupita mita 5. Muda huo hupatikana kwa kulinganisha wakati wa elektroni na wa protoni, hivyo kosa lake la wastani lisizidi nanosekunde 0.3 hivi.

Anza na kebo. Gawa pigo moja la umeme kutoka jenereta ya mapigo, lipeleke kwenye chaneli mbili, kisha badilishana kebo na urudie. Mita 1 ya kebo huchelewesha ishara kwa takriban nanosekunde 5, kwa hiyo tofauti ya sentimita 6 tu inamaliza kosa lote linaloruhusiwa.

Usisome muda kwa kizingiti kisichobadilika (kimo kimoja cha ishara), kwa sababu pigo dogo hukivuka likiwa limechelewa kuliko kubwa. Soma pale pigo linapofikia asilimia ileile ya kimo chake, tuseme 20, na ukadirie kati ya sampuli: dijitaiza (kifaa kinachogeuza ishara kuwa namba) ya MHz 250 husoma kila baada ya nanosekunde 4.

Ila pigo la jenereta halipiti ndani ya silikoni, na ugumu wenyewe uko humo. Protoni, hata ikisukumwa kwa kV 30, husimama kabla ya mikrometa 1. Elektroni huweza kuzama hata milimita 1. Chaji hutoka kina tofauti, pigo hupanda kwa umbo tofauti, na muda unahama kadiri nishati inavyobadilika.

Kwa hilo weka bismuthi-207, chanzo cha mionzi, kwenye utando mwembamba, na sintileta ya haraka (kigunduzi kinachotoa mwanga kinapopigwa na gamma) kando. Linganisha wakati wa elektroni ya keV (eV elfu) 976 na gamma ya keV 570, halafu elektroni ya keV 482 na gamma ya keV 1064. Hali ya kiini iliyo kati ya kutoka kwa elektroni na gamma ina nusu uhai wa pikosekunde 130 tu. Toa muda wa safari ya elektroni, ukikumbuka kwamba huzunguka kwenye uga wa sumaku. Bariamu-133 haifai kwa kazi hii: hali yake ya keV 81 hudumu nanosekunde kadhaa na kutawanya kilele cha muda unaopimwa.

Kisha hakiki kwa elektroni zinazodunda kutoka kigunduzi kimoja hadi kingine. Chagua zilizoacha nishati zilezile, za juu kwenda chini na za chini kwenda juu. Nusu ya tofauti ya wastani ni pengo la saa. Likibadilika kadiri nishati inavyobadilika, rekebisha modeli ya mapigo, si kebo.

Rudia kila volti ya kigunduzi au jotoridi lake linapobadilika, maana mwendo wa chaji hubadilika pia.