Kupanga safari ya kundi la pikipiki: Dar es Salaam hadi Lushoto

Msafara wa pikipiki hupangwa kuanzia mkiani. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote, mwenye tangi dogo kuliko wote na mwenye tairi lililochoka kuliko wote ndio watakaoamua mtafika saa ngapi. Klabu nyingi hupanga kwa kutazama pikipiki kubwa za mbele, na hapo ndipo safari ya saa tisa inapogeuka safari ya kuingia mlimani gizani.

Njia tunayoizungumzia hapa inatoka Dar kupitia Tegeta na Bunju hadi Bagamoyo, inakata hadi Msata (kilomita 64 kutoka Bagamoyo), inashika barabara kuu ya kaskazini kupitia Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha inapanda kupitia Soni hadi Lushoto. Jumla ni kama kilomita 350. Kwa pikipiki zenye injini ya cc 125 na 150, wastani wa kweli ni kilomita 50 kwa saa ukihesabu vijiji na matuta, basi ni saa saba za kuendesha na mbili za vituo. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mfike Lushoto saa tisa alasiri. Mkichelewa kuondoka kwa saa mbili, msifidie kwa mwendo. Laleni Korogwe mpande kesho yake.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, iacheni kabisa kwa safari ya kwanza ya kundi. Juni hadi Agosti barabara ni kavu, ila Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi kweli. Mtu wa Kinondoni aliyebeba fulana tu atalala ameketi.

Ukaguzi, wiki moja kabla

Kutaneni Jumamosi ya wiki inayotangulia, kwenye uwanja wa gereji, fundi akiwepo. Ukaguzi wa asubuhi ya safari hausaidii: maduka ya spea yamefungwa, na kila mwenye pikipiki mbovu atasema "itafika tu".

Anzeni na matairi. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi. Pikipiki aina ya Boxer 150 hutaka paundi 25 mbele na 28 nyuma kwa mtu mmoja, 32 nyuma akiwepo abiria. Nyingine fuateni kibandiko au kitabu chake. Kagueni ubavu wa tairi kama una nyufa, hata kama kashata bado zipo. Kisha gongeni spoku moja moja kwa spana ndogo huku gurudumu likizungushwa: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Spoku tatu zilizolegea pamoja ni rimu itakayopinda kwenye shimo la kwanza.

Mnyororo upimwe katikati ya upande wa chini. Uchezacheze milimita 20 hadi 30, lakini zungusha gurudumu upime sehemu nne, kwa sababu mnyororo hauchakai sawasawa. Ukirekebisha kwa kufuata sehemu iliyolegea, sehemu iliyokaza itakuwa imekaza mno na italemea beringi. Halafu vuta mnyororo kutoka nyuma kabisa ya spoketi kubwa. Ukiona nusu ya jino, badilisha mnyororo na spoketi zote mbili kwa pamoja. Spoketi ya zamani hula mnyororo mpya. Kama una kiungo cha klipu, mdomo uliofungwa wa klipu uelekee kule mnyororo unakozungukia. Ikiwekwa kinyume, jiwe dogo tu linaichomoa.

Oili ibadilishwe siku tatu kabla, isiwe usiku wa kuamkia safari. Nati ya chini ikivuja mtaiona mapema, pikipiki ikiwa bado nyumbani. Kiwango chake kipimwe pikipiki ikiwa imesimama wima. Ikilalia stendi ya pembeni kipimo kinadanganya.

Waya wa klachi ukionyesha hata uzi mmoja uliokatika pale unapoingia kwenye mkono, badilisha. Kwenye breki, mshale ukivuka alama ya kuchakaa iliyo kwenye ngoma breki ikiwa imekanyagwa, shuu zimekwisha. Taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu. Na hapa uongozi uwe na msimamo: pikipiki iliyoshindwa ukaguzi haiendi, hata kama ni ya mwenyekiti.

Hesabu ya mafuta

Hesabu haifanywi kwa wastani wa kundi. Boxer yenye tangi la lita 11, ikienda kilomita 40 kwa lita, ingeweza kumaliza safari nzima bila kujaza. Lakini kama mmoja wenu ana pikipiki ya porini yenye tangi la lita 7 na inakula lita moja kwa kilomita 25, huyo anakauka kwenye kilomita 175. Chukueni theluthi mbili ya hapo, yaani kama 115, na hicho ndicho kituo cha kundi zima. Kwa njia hii ina maana ya kujaza Dar jioni iliyotangulia, kuongeza Bagamoyo, kisha Msata, kisha sheli iliyo ndani ya kilomita 115 kutoka hapo, kabla ya Segera, kisha Korogwe.

Kila mtu aongeze kila mnaposimama, hata aliyebakiwa na tangi zima kasoro lita mbili. Asipofanya hivyo ataomba kusimama peke yake kilomita 30 mbele, na kundi zima litasimama naye. Pikipiki 12 kwenye sheli moja zinakula karibu nusu saa, na nyingi ya hiyo ni kutafuta chenji. Mweka hazina akusanye fedha kabla, alipe mara moja, aandike lita za kila mmoja kwenye daftari.

Mpangilio barabarani

Hapa ndipo ajali za kundi zinapozaliwa, kwa hiyo tulia usome.

Gaweni kundi katika vikosi vya pikipiki tano hadi saba, kila kimoja na kiongozi wake na mfunga msafara wake, vikiachana dakika tatu au nne. Kundi kubwa lisilogawanywa ni ukuta: basi la Arusha likitaka kulipita halina pa kuingilia, na dereva wake atajilazimisha katikati yenu.

Ndani ya kikosi, endesheni kwa mshazari. Kiongozi akae upande wa kulia wa njia yenu, karibu na mstari wa kati, ili aone mbele na aonekane. Wa pili akae kushoto, wa tatu kulia, hivyo hivyo. Kati yako na aliye mbele kwa mshazari ni sekunde moja, na kati yako na aliye mbele moja kwa moja ni sekunde mbili. Msiendeshe sambamba wawili wawili hata kwa ajili ya picha, maana mmoja akikwepa shimo atamwangukia mwenzake. Kwenye kona, kwenye daraja jembamba na kwenye mvua, kiongozi anyooshe kidole kimoja juu: wote mnakuwa mstari mmoja, sekunde mbili au zaidi.

Wageni na wenye injini ndogo huwekwa mara moja nyuma ya kiongozi, kamwe si mwisho. Sababu ni ya kihesabu. Pikipiki 12 zikiwa mstari mmoja kwa nafasi ya sekunde mbili, kwa mwendo wa 70, ya mwisho iko zaidi ya mita 400 nyuma. Kiongozi akivuka tuta na kuongeza moto papo hapo, wa mwisho bado ana sekunde 20 na ushei kabla hajafika kwenye tuta hilo. Atakapolivuka, pengo limekua, na ili alizibe atalazimika kwenda 90 au 100 huku wenzake wa mbele wakienda 70 na kudhani mwendo ni wa starehe. Ukimweka mgeni pale, unamfundisha kukimbia.

Dawa yake ni nidhamu ya kiongozi. Baada ya kila tuta na kila rasta abaki kwenye 40, ahesabu polepole hadi kumi kwa kikosi cha watu sita, ndipo aongeze. Vijijini mwendo ni 50, na tochi za trafiki zipo. Kikosi kizima kikipigwa tochi, kila mmoja anaandikiwa yake.

Kuovateki ni uamuzi wa kila mtu peke yake. Kiongozi akipita lori haina maana kwamba wewe nawe una nafasi. Aliyekwisha kupita asipunguze mwendo ghafla mbele ya lori. Asogee awaachie wa nyuma pa kuingilia.

Kwenye njia panda tumieni utaratibu wa kuacha mtu. Makofia (pale Bagamoyo mnapokata kwenda Msata), Msata, Segera, Mombo: kiongozi akikata, wa pili wake anasimama hapo pembeni, mahali salama panapoonekana, akionyesha njia. Haondoki hata simu ikilia, mpaka amwone mfunga msafara wa kikosi chake, ambaye avae kizibao cha rangi asichovaa mwingine. Utaratibu huu hauhitaji mtandao, na kundi halipotezi mtu. Unaharibika kwa sababu moja tu: aliyeachwa akichoka kungoja.

Jambo jingine la kujizoeza ni kioo. Kila mtu anamchunga wa nyuma yake. Asipomwona, apunguze, wa mbele yake naye atamkosa kiooni na kupunguza, hadi habari imfikie kiongozi bila honi wala kelele.

Kuanzia Msata mtapishana na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha. Upepo wa basi hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta. Ukiliona linakuja, sogea kushoto kidogo, bana tangi kwa magoti, inama, na legeza mikono. Anayekamata usukani kwa nguvu ndiye anayeyumba.

Pancha njiani

Kila kikosi kibebe tyubu mbili za saizi ya matairi yake (2.75-17 na 3.00-17 kwa Boxer, pikipiki za porini ni saizi nyingine kabisa), vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu ya mguu, viraka na solusheni, spana za ekseli, sabuni ya kipande na chupa ya maji. Kila mtu ajaribu spana yake kwenye ekseli yake mwenyewe siku ya ukaguzi.

Ukitoa tyubu, usitupie nyingine haraka. Ilaze juu ya tairi, valvu ikiwa mahali pake, utafute tundu, kisha utazame tairi sehemu ileile. Pitisha kitambaa ndani ya tairi badala ya kidole. Msumari utashika kitambaa. Wanaopata pancha ya pili baada ya kilomita tano ni wale walioacha msumari ndani.

Tyubu mpya itie upepo kidogo tu, ishike umbo la duara, isijikunje. Anza kurudisha tairi upande ulio mkabala na valvu, ukimalizia kwenye valvu, huku ukisukuma mdomo wa tairi uingie katikati ya rimu ambako kuna bonde. Hapo ndipo unapopata nafasi. Sehemu ya mwisho paka maji ya sabuni, ingiza kwa viganja. Bisibisi isitumike hata mkiwa na haraka, kwa kuwa hutoboa tyubu mpya bila wewe kujua. Sukuma valvu ndani mara moja uhakikishe tyubu haijabanwa chini ya mdomo wa tairi. Jaza, toa upepo wote, jaza tena. Nati ya valvu usiikaze kwenye rimu: tyubu ikisogea, valvu itakatika kwenye shina.

Gurudumu la nyuma likirudi, linganisha alama za ekseli pande zote mbili, pima mnyororo, kaza, rudisha pini. Halafu unganisha fimbo ya breki na ukanyage breki mara kadhaa kabla ya kupanda. Fimbo hiyo husahaulika kuliko kitu kingine chochote, na kosa hilo hugundulika kwenye tuta.

Mombo hadi Lushoto, na kurudi

Kupanda ni kilomita 30 na kitu za kona, barabara nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine. Pumzikeni Mombo dakika 20, mnywe maji, mvae makoti hapo hapo, kwa sababu juu hakuna pa kusimama kikosi kizima mpaka Soni. Piga honi fupi kabla ya kona usiyoona mwisho wake, na ubaki upande wako. Daladala zinazoshuka hukata kona.

Kushuka ndiko kunakotaka akili zaidi. Tumia gia ileile ambayo ungepandia, mara nyingi ya pili au ya tatu, na injini ikuzuie. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo hupata moto, shuu huanza kuteleza, na mkono unafika mwisho bila pikipiki kupungua. Bonyeza, achia, bonyeza tena. Ukisikia harufu ya kuungua, simama zipoe zenyewe, usizimwagie maji. Na usishuke injini imezimwa ukidhani unaokoa mafuta.

Mtu akianguka

Watu wawili tu washughulike na majeruhi. Wawili wengine warudi nyuma na mbele kusimamisha magari kwa viakisi, angalau mita 100 kila upande, mmoja apige 112, waliobaki watoe pikipiki zao barabarani. Helmeti isivuliwe ikiwa anapumua. Kila mtu awe na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko wa kifua wa kushoto: jina, namba ya ndugu, dawa anazotumia na zinazomdhuru. Mfuko uwe uleule kwa wote, msiupapase.

Mkirudi Dar, kabla ya kuagana, mweka hazina asome daftari: kila pikipiki ilitumia lita ngapi, kwa kilomita ngapi. Namba hizo ndizo zitakazopanga vituo vya safari ijayo, na mara nyingi zitatofautiana sana na zile ambazo wenye pikipiki walizitaja siku ya ukaguzi.