Biashara imelala: ni msimu, ni mzunguko au ni pigo? Vile mimi hujua kwa daftari tu

Kila ikifika mwezi wa tano hapa Lamu maneno barazani ni yale yale, uchumi umekufa, pesa hakuna, tumekwisha. Mimi nina duka la vifaa vya uvuvi huku Langoni, nauza majarife (zile nyavu kubwa), ndoana, mshipi wa kuvulia, rangi ya mashua, plagi za injini, basi huwa nawasikiza tu halafu nafungua daftari la mwaka jana mwezi huo huo wa tano na kuangalia, na mara nyingi mauzo ni yale yale, pengine hata yamezidi kidogo. Yaani hakuna kilichokufa, ni upepo wa kusi umeingia, bahari imechafuka, mahoteli ya Shela yamefunga kupaka chokaa, wageni hawaji mpaka mwezi wa saba wa nane huko.

Lakini kuna miaka wale wa barazani walikuwa kweli na mimi na daftari langu ndio nilikuwa nimelala. Hapo ndipo kazi ilipo, kujua ipi ni msimu, ipi ni mzunguko wa uchumi kupanda na kushuka, na ipi ni pigo. Naeleza vile nafanya, huhitaji digrii, wahitaji daftari, kalkuleta ya simu na nusu saa kila mwisho wa mwezi.

Anza na kulinganisha mwezi na mwezi wake

Usilinganishe mwezi wa tano na wa nne, wala wa kwanza na wa kumi na mbili. Linganisha mwezi wa tano wa mwaka huu na mwezi wa tano wa mwaka jana, na kama una daftari la mwaka juzi pia litoe. Wazee wetu walijua haya kitambo, majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni yamebeba tende na mazulia, yakarudi na kusi yamejaa boriti za mikoko, hakuna aliyekaa mwezi wa sita akalia mbona jahazi la tende halijafika.

Sasa kuna mtego hapa ambao ukisoma makaratasi ya Nairobi hutauona vizuri. Ramadhani yahama. Kila mwaka yarudi nyuma kama siku 11. Mwaka 2021 ilianza katikati ya mwezi wa nne, mwaka 2025 ikaanza mwanzoni mwa mwezi wa tatu, kwa hivyo ukilinganisha mwezi wa nne na mwezi wa nne bila kufikiri waweza kusema biashara ya nguo imeanguka kumbe Idi ndiyo imehama. Rafiki yangu anauza kanzu na mabuibui, miaka miwili mizima alidhani wateja wanamkimbia! Dawa yake ni ndogo, pembeni ya daftari andika pia mwezi wa Kiislamu, halafu linganisha Shaabani na Shaabani, na wiki ya Maulidi na wiki ya Maulidi. Mambo ya upepo na wageni linganisha kwa miezi ya kizungu, mambo ya Idi na harusi kwa miezi yetu.

Halafu toa bei

Hii ndiyo watu wengi huanguka. Tuseme mwaka jana mwezi huu uliuza roli 40 za mshipi kwa shilingi 500, hiyo ni 20,000. Mwaka huu umeuza roli 36 kwa shilingi 600, hiyo ni 21,600. Droo yasema umepanda asilimia 8, lakini mshipi uliotoka dukani umepungua asilimia 10. Kilichopanda ni bei, si biashara. Kwa hivyo hesabu vitu, usihesabu noti peke yake. Shirika la takwimu, KNBS, nao hufanya hivyo hivyo kwa nchi nzima, huchukua bei za mwaka mmoja wa msingi (kwa sasa ni 2016) ili wajue kilichozalishwa kimeongezeka au ni bei tu imefura. Mfumuko wa bei wautangaza kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa kumi mwaka 2022 ulifika asilimia 9.6, na mwezi wa kumi mwaka 2024 ulikuwa umeshuka hadi 2.7, sasa aliyejisifu 2022 kwamba mauzo yake yameongezeka asilimia 9, wallahi alikuwa amesimama pale pale.

Elewa pato la taifa kwa changu mmoja

Ukisikia kwenye redio pato la taifa limekua asilimia fulani, chukua samaki. Mvuvi amemuuzia tajiri, yaani mchuuzi wa samaki, kilo ya changu kwa 300. Tajiri akaitia barafu, akaiuza hotelini kwa 400. Hoteli ikaichoma, ikamuuzia mgeni kwa 1,200. (Bei nimezitunga, usinipigie simu.) Je tumezalisha ngapi? Si 300 na 400 na 1,200 ukajumlisha ukapata 1,900, hapo umemhesabu samaki mmoja mara tatu. Hesabu kile kila mmoja ameongeza: mvuvi 300, tajiri 100, hoteli 800, jumla 1,200, sawa na ile bei ya mwisho. Na petroli ya injini imetoka nje ya nchi, hiyo yatolewa, kwa sababu si sisi tulioizalisha.

Ndio maana ile hesabu kubwa huandikwa hivi: matumizi ya watu, jumlisha uwekezaji, jumlisha matumizi ya serikali, jumlisha tunachouza nje, toa tunachonunua nje. Bandari ya Lamu, gati ya kwanza ilipofunguliwa Mei 2021, watu waliuliza mbona mabilioni yote yale mtaani hatuyaoni. Sasa ujenzi waingia upande wa uwekezaji, lakini mashine na vyuma vilivyotoka nje vyatolewa kule mwisho, na kinachobaki ndicho kilichofanyika hapa. Na hata hicho kilichobaki si lazima kiwe kimepita Langoni.

Jambo jingine lachekesha kidogo. Kitoweo ambacho mvuvi amepeleka nyumbani bila kukiuza, wale wa takwimu wanatakiwa kukikadiria na kukiingiza. Lakini mkewe aliyekuna nazi, akapika, akapakua, kazi yake haiingii hata senti. Wali ule ule ukipikwa hotelini waingia. Mimi sielewi na sijaribu tena kueleza, nilijaribu kumweleza mamangu akaniuliza kwani hao wanaohesabu wanakula wapi.

Msimu umeutoa, bei umeitoa, na bado mstari washuka?

Sasa tega sikio. Ukiona vitu vinavyotoka dukani vimepungua ukilinganisha na miezi ile ile ya mwaka jana, na imekuwa hivyo miezi sita, hiyo si kusi tena. Wachumi wengi husema mdororo ni pato likipungua robo mwaka mbili mfululizo, ni kipimo cha mkono tu lakini chatosha. Kenya ilipungua hivyo mwaka 2020, robo ya pili na ya tatu, na mwaka mzima ukaisha chini ya sifuri kidogo, halafu 2021 ikaruka zaidi ya asilimia 7. Usidanganyike na ile 7 peke yake, mtu aliyeanguka shimoni hatua zake za kwanza ni za kutoka shimoni, ukiigawa kwa miaka yote miwili yabaki kama 3 na nusu kwa mwaka.

Uliza basi: ni mimi, ni mji, au ni nchi? Kama jirani anauza na wewe huuzi, shida iko dukani kwako. Kama mji wote umelala na Nairobi yaendelea, hilo ni pigo la mji. Sisi twalijua vizuri. Mwaka 2011 wageni walitekwa, wengine wakakimbia, na 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huku huku kaunti ya Lamu, ikaja amri ya kutotoka usiku, wavuvi wa usiku wakafunga nyavu. Na miaka hiyo yote pato la taifa lilikuwa likikua. Ukimwambia mtu wa Lamu 2014 kwamba uchumi unakua atakutazama tu.

Ndugu zetu wa Malindi wao wana mzunguko wao mwingine, unatoka Italia, kwa sababu wageni wao wengi ni Waitaliano. Italia ilikuwa kwenye mdororo 2012 na 2013. Mwenye duka Malindi ambaye hasomi habari za Italia ni kama nahodha ambaye haangalii mawingu, afadhali asome hizo kuliko hotuba ya bajeti.

Serikali: mwaka wake si wako

Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 mwezi wa saba. Andika hiyo kwenye jalada la daftari. Bajeti husomwa mwezi wa sita, na mambo mengi ya kodi huanza tarehe 1 hiyo hiyo. Mfano, VAT (ile kodi inayowekwa juu ya bei) ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na kwetu mafuta ndiyo kila kitu, boti ya kuvuka kwenda Mokowe bara, injini ya mvuvi, barafu. Bei za mafuta nazo hutangazwa tarehe 14 kila mwezi, kwa hivyo mimi sinunui mafuta ya akiba tarehe 13 wala 14 bila kusikiza kwanza watu wanabashiri nini.

Kazi ya bajeti kwenye mzunguko ni kwamba biashara ikianguka serikali ipunguze kodi au itumie zaidi, ikipanda irudishe. Ya kwanza tuliiona waziwazi Aprili 2020, VAT ikashushwa kutoka 16 hadi 14, na wenye mshahara wa hadi 24,000 wakasamehewa kodi ya mshahara. Tarehe 1 Januari 2021 VAT ikarudi 16. Upande wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu ya deni. Serikali yataka pesa hata watu wakiwa wamechoka, na Juni 2024 mliona wenyewe, vijana waliingia barabarani na Mswada wa Fedha ukaachwa. Pesa ile iliyotakiwa ikabidi itafutwe kwingine, kwa kukopa na kwa kukata matumizi, na matumizi yakikatwa kuna mtu mahali fulani hakulipwa.

Na kwetu mtu huyo yuko karibu. Lamu ndiyo kaunti yenye watu wachache kuliko zote 47, watu 143,920 kwenye sensa ya 2019, mji kama huu mishahara ya walimu, manesi na wafanyakazi wa kaunti ndiyo mafuta ya taa. Fuatilia shilingi 1,000 ya mwalimu. Anunua unga, sukari, sabuni. Vyote vimevuka maji kutoka Mokowe, kwa hivyo 800 hivi yavuka kurudi bara siku ile ile. Kinachobaki ni faida ya mwenye duka, nauli ya boti, hamali, punda. Hamali akanywa kahawa, muuza kahawa akanunua samaki, na samaki ndiye wa hapa. Samaki ukimnunua pesa yazunguka mtaani mara kadhaa, ukinunua unga yaondoka. Kwa hivyo mshahara ukichelewa mwenye duka la unga na mwenye samaki wote watalia, ila ukija, mwenye samaki ndiye atakayezungushiwa tena.

Dola, na ujinga wangu

Vitu vyangu vingi vyatoka nje. Jarife la dola 50, dola ikiwa 130 ni 6,500, ikiwa 160 ni 8,000, hapo hujaweka usafiri wala ushuru. Januari 2024 dola ilikuwa kama 160 na kila mtu alikuwa anasema itafika 200. Nami nikaingia na pesa zote, nikajaza duka. Mwezi wa pili serikali ikauza hati fungani nyingine huko nje, yaani ikakopa dola kwa wawekezaji, ikaanza kulipa lile deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni, hofu ikaisha na mwezi wa nne dola ilikuwa karibu 130. Jirani akaleta jarife kama langu kwa bei ya chini, mimi nimekaa na mzigo mpaka kaskazi nyingine. Tangu siku hiyo sijazi duka kwa hofu, nanunua nusu, nangoja mwezi, nanunua nusu. Na kumbuka upande wa pili, mwenye hoteli Shela anayelipwa kwa yuro, Januari ile alikuwa anacheka.

Riba nayo iangalie kabla hujaenda benki. Mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 2024 serikali ilikuwa inakopa kwa siku 91 kwa riba ya zaidi ya asilimia 16. Sasa niambie, benki ipatayo 16 kwa serikali bila kutoka jasho, itakukopesha wewe mwenye duka Langoni kwa ngapi? Riba za serikali zikishuka ndio uende ukaombe.

Sasa tumia

Juzi nahodha mmoja wa Matondoni alikuja ataka majarife mawili kwa mkopo, na ni kusi. Nilifungua ukurasa wake. Mwaka jana alichukua mwezi wa sita akamaliza kulipa mwezi wa kumi na moja, mwaka juzi hivyo hivyo. Nikaangalia mauzo yangu ya miezi sita kwa vipande, yamesimama, hayajashuka. Dola imetulia. Kwa hivyo ni msimu tu, si mdororo. Nikampa moja kwa mkopo, la pili akalipa nusu. Kama mstari ungekuwa unashuka ningemwambia kaka, shona lile la zamani, uzi nitakupa bure.

Kwenye ukurasa wake nimeandika atamaliza kulipa mwezi wa kumi na moja, kwa penseli.