Kutengeneza mvinyo mwekundu kwa zabibu za Dodoma, hatua kwa hatua

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogolea. Msimu mmoja huiva wakati wa mvua, kuelekea Machi. Mwingine huiva kiangazi, Agosti na Septemba. Kwa mvinyo mwekundu mimi huchagua wa kiangazi bila kusita: mvua haipo, vichala haviozi, na sukari hupanda vizuri. Hesabu zangu hapa ni za kilo 100 za Makutupora nyekundu, zabibu ambayo wakulima wa Dodoma wameizoea kwa miaka mingi.

1. Vuna kwa sukari, usivune kwa rangi. Ganda huwa jeusi wiki kadhaa kabla zabibu haijakomaa, na hapo ndipo wengi huharakisha kwa sababu mnunuzi amefika au fedha zimebana. Chukua punje kutoka sehemu mbalimbali za shamba, zikamue, upime juisi kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari. Subiri isome 1.090 au zaidi. Hapo utapata mvinyo wa kilevi cha asilimia 12 hivi. Kisha tafuna mbegu. Ikiwa bado ya kijani na inakwaruza ulimi, acha. Mbegu iliyokomaa ni ya kahawia na huvunjika kama karanga iliyokaangwa. Kama unamwagilia, punguza maji siku za mwisho ili punje zisijae maji. Vuna alfajiri.

2. Chambua na ponda. Tupa punje zilizooza, ondoa vikonyo, ponda kwa mikono safi au mashine. Usisage mbegu, zitaleta uchungu. Weka vyote, juisi na maganda, kwenye pipa la plastiki la chakula la lita 150. Lisijae, maana mchuzi, yaani juisi inayochachuka, utapanda. Nyunyiza gramu 5 hadi 10 za potasiamu metabisulfaiti, dawa ya kuzuia vijidudu, zilizoyeyushwa kwenye maji kidogo, uache hadi kesho yake.

3. Tia chachu ya mvinyo. Hamira ya mkate huchachua, lakini ladha yake hubaki. Gramu 25 za chachu ya mvinyo zinatosha. Ziamshe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu.

4. Zamisha maganda. Hii ndiyo kazi yenyewe. Rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu vimo kwenye ganda. Juisi ya zabibu nyingi nyekundu ikikamuliwa papo hapo hutoka karibu nyeupe. Chachu ikishaanza kazi, gesi huyainua maganda yote juu yakawa tabaka nene. Likikauka, inzi wadogo hutua na siki huanzia hapo. Lizamishe kwa mti safi mara tatu kwa siku, usiku usisahau, mpaka mchuzi utoke juu yake ukiwa na povu la zambarau.

Pima na joto. Likizidi nyuzi 30, tumbukiza chupa za maji yaliyogandishwa, zilizooshwa na kufungwa vizuri. Ukisikia harufu ya yai bovu, mimina mchuzi kutoka juu ili upate hewa. Na milango iwe wazi: gesi inayotoka mchuzi ukichachuka ni kabonidayoksaidi, hujaa chini ya chumba na inaweza kuua mtu. Usiinamishe kichwa ndani ya pipa.

5. Kamua. Baada ya wiki moja hivi, haidromita ikishuka karibu na 1.000, tenganisha mchuzi na maganda. Kamua taratibu. Tarajia lita 60 au zaidi kidogo.

6. Tuliza. Jaza madumu hadi shingoni, kwa sababu nafasi ya hewa ndiyo adui sasa. Funga kwa kizibo chenye mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa ya maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Hamisha mvinyo ukiacha mashapo chini: mara ya kwanza baada ya siku mbili, tena baada ya wiki nne. Haidromita ikibaki 0.995 siku kadhaa mfululizo, sukari imekwisha.

7. Weka kwenye chupa. Ngoja miezi mitatu angalau. Sita ni bora zaidi, ukakasi hulainika. Hifadhi mahali penye giza na ubaridi. Ukitaka kuuza, tafuta kwanza leseni ya vileo, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na stempu za kodi za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kabla hujanunua hata chupa.