Toa upepo kabla hujazama

Ukiona mchanga laini mbele, simama utoe upepo kwenye matairi kwanza, kabla hujaingia. Wengi hungoja mpaka gari limelala tumbo ndipo wanakumbuka, na hapo ni kazi ya koleo.

Kama kwenye lami unatembea na PSI 35 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi), mchangani shusha hadi 18 au 20. Njia ya mawe, 25 hivi inatosha. Ukishusha sana huko rimu itagonga mwamba. Chuchumaa uangalie tairi: ubavu wake utakuwa umetuna kidogo pale chini. Watu hudhani tairi linatanuka tu kwa upana, kumbe alama yake ardhini inarefuka zaidi, uzito unatawanyika, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba.

Tumia geji ya kupimia upepo. Mimi niliwahi kukadiria tu, nikibonyeza valvu kwa ncha ya ufunguo huku nahesabu kichwani. Tairi moja likabaki na 11, nikakata kona kwa haraka, likachomoka kwenye rimu. Jioni yote ikaishia hapo. Chini ya 15 ni kwa dharura tu, tena mwendo wa kinyonga, na usukani usiukate ghafla.

Halafu beba pampu. Ukirudi lamini na tairi laini, ubavu unajikunja kila mzunguko, unashika moto, na tairi linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Pampu ndogo ya kuunga kwenye betri inatosha, ila ina kelele na haina haraka.