Kuuza chakula na dawa kwenye nchi zenye vikwazo: anza na benki kabla hujagusa gunia

Tanga hapa kuna watu wa aina mbili, kuna wale wakisikia mnunuzi yuko Irani au Sudan wanakata simu hapo hapo, na kuna wale wakishatajiwa bei tu wanapandisha gari Amani kufuata iliki bila kuuliza chochote. Wote wanakosea ila huyu wa pili ndo anayelala njaa, maana mzigo unafika, unashushwa, unaliwa, halafu hela inakwama njiani miezi na hakuna wa kumlaumu.

Ukweli ni kwamba chakula na dawa karibu kila sheria ya vikwazo imeviachia mlango. Lakini mlango huo haufunguki kwa sababu umebeba maharage, unafunguka kwa kuangalia nani anayapokea, nani anayasafirisha na hela inapita wapi. Hayo matatu ndo kazi yenyewe, huko kwingine ni makaratasi ya kawaida tu.

Kwanza jua ni vikwazo vya nani, maana watu wanavichanganya sana. Vya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa vinatubana sisi Tanzania moja kwa moja, ni wajibu wa kila mwanachama. Vya Marekani kwa asili yake vinawabana Wamarekani, bidhaa zao na dola yao, na vya Ulaya vinabana watu, kampuni na benki za huko. Sasa mtu wa Korogwe anasema mimi si Mmarekani wala sina hisa New York, vinanihusu nini? Vinakuhusu kwa sababu umetaka kulipwa kwa dola, na dola ya kibenki kwa kawaida inapitia benki ya Marekani kabla haijafika akaunti yako hapa mjini. Na zaidi ya hapo Marekani wana utaratibu wa kumwadhibu hata asiye Mmarekani akifanya biashara na watu fulani waliowaorodhesha, kwa hiyo kukimbia dola peke yake hakukuokoi.

Na tusijifanye haya mambo ni ya Wazungu tu. Sisi wenyewe na majirani zetu tuliwawekea Burundi vikwazo 1996 baada ya Buyoya kuchukua nchi, kikao kilikaa Arusha tarehe 31 Julai mwaka huo, na hata pale dawa na mahitaji ya kibinadamu vilianza kufunguliwa taratibu, 1997 mlango ukapanuliwa, na Januari 1999 vikasimamishwa. Wa kwetu wa umri fulani wanakumbuka.

Kwa upande wa Marekani sheria ya kuijua ni ile ya mwaka 2000 inayoitwa kwa kifupi TSRA, aliisaini Clinton Oktoba mwaka huo. Usidhani ilitokana na huruma tu, wakulima na wauza nafaka wa kwao walipiga kelele sana kwamba wanakosa soko. Kutoka hapo ndo ikaja leseni ya jumla ya Irani, yaani ruhusa ambayo ipo tayari kwenye kanuni na huhitaji kuiandikia barua, inayogusa chakula, dawa na vifaa tiba vingi. Oktoba 2018 hata Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, kwenye kesi ya Irani dhidi ya Marekani, ilitoa amri ya muda kwamba Marekani iondoe vizuizi kwenye dawa, vifaa tiba, vyakula na mazao ya kilimo yanayokwenda Irani. Lakini hakimu wa The Hague hakai kwenye dirisha la benki yako, kwa hiyo usije ukabeba amri ile ukadhani ndo risiti.

Haya, sasa kazi.

Anza kwa kuangalia mzigo wenyewe unaitwaje. Chai ya Usambara, iliki, pilipili manga, mdalasini, maharage ya Lushoto, machungwa ya Muheza, pweza, hivyo ni chakula na hakuna ubishi. Katani usiiingize kwenye hoja ya chakula hata kama ni zao la shamba, iulizie peke yake. Halafu kuna mitego midogo ambayo watu hawaijui, kwenye ile leseni ya jumla ya Irani kuna vitu vimetajwa kwamba havimo, mbegu za nyonyo hazimo, na ile mbegu nyekundu yenye doa jeusi watoto wanachezea, tipitipi, nayo haimo, sababu zote mbili zina sumu kali inayoweza kufanywa silaha. Mbolea pia haimo. Unaweza kusema kanuni hiyo ni ya Wamarekani na bidhaa zao na ni kweli, lakini benki nyingi zinatumia orodha hiyo hiyo kupimia kila mtu. Kwa hiyo kwenye invoisi andika kitu kwa jina lake, iliki kavu, kilo ngapi, imelimwa Muheza, na namba ya forodha ya bidhaa. Ukiandika "bidhaa mchanganyiko" umejitafutia maswali mwenyewe.

Pili, majina. Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Hazina ya Marekani ina ofisi inaitwa OFAC na wana ukurasa wa kutafutia majina bure kabisa, Umoja wa Mataifa nao wana orodha yao moja ya pamoja, Ulaya wana yao. Tafuta jina la kampuni, la mkurugenzi, la atakayepokea mzigo bandarini, la benki ya mnunuzi. Majina ya Kiarabu na Kiajemi yakiandikwa kwa herufi zetu yanabadilika sana, Muhammad, Mohamed, Mohammad, kwa hiyo jaribu kila tahajia, na usiridhike na jina, omba tarehe ya kuzaliwa au namba ya usajili wa kampuni maana wenye majina yanayofanana ni wengi na usije ukamfukuza mteja halali bure. Kila ukitafuta piga picha ya skrini ikiwa na tarehe, uihifadhi.

Kisha uliza mwenye kampuni ni nani. Kuna kanuni ya asilimia 50 ya OFAC, kampuni ambayo nusu au zaidi ya hisa zake ziko mikononi mwa watu walioorodheshwa nayo imefungwa hata kama jina lake halionekani popote, na hisa za walioorodheshwa zinajumlishwa, huyu 30 na yule 25 basi tayari. Kwa hiyo kutafuta jina ukakuta hakuna kitu haitoshi, omba orodha ya wanahisa. Mnunuzi wa kweli atakupa, akikwambia hiyo ni siri ya biashara basi siri hiyo abaki nayo na wewe baki na chai yako.

Chukua Sudan. Vikwazo vya jumla vya Marekani dhidi ya Sudan viliondolewa Oktoba 2017, na Desemba 2020 ikatolewa kwenye orodha ya nchi zinazodhamini ugaidi. Mtu akisoma hapo anasema Sudan imefunguka, twende. Vita vikaanza Aprili 2023, na tarehe 1 Juni mwaka huo Marekani ikaorodhesha kampuni nne, mbili za upande wa jeshi na mbili za upande wa RSF, wale wanamgambo wanaopigana na jeshi, na mojawapo ya hizo imekaa Falme za Kiarabu. Yaani unaweza kuwa unaongea na mtu wa Dubai, anwani ya Dubai, benki ya Dubai, kumbe kikwazo ni cha Sudan. Ndo maana nasema usiangalie nchi, angalia mtu.

Na mambo yanabadilika haraka. Syria kwa miaka mingi ilikuwa ukuta, tarehe 30 Juni 2025 Trump akafuta ule mpango mzima wa vikwazo ila majina ya akina Assad na wenzao yakabaki. Irani ikaenda kinyume chake, Septemba 2025 vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilivyokuwa vimesimama tangu makubaliano ya nyuklia ya 2015 vikarudi. Ulichoambiwa na mtu mwaka juzi usikitumie leo.

Tatu, hela, na hapa nitasema wazi, benki inaogopa kuliko sheria inavyotaka. Wana sababu, 2014 benki ya Ufaransa BNP Paribas ilikubali kulipa Marekani karibu dola bilioni 8.9 kwa kupitisha miamala ya Sudan, Irani na Cuba. Baada ya hapo benki nyingi zikaona bora nikatae mzigo halali wa chai kuliko kuja kujieleza New York. Huwezi kubishana nao kaunta, unachoweza ni kuwarahisishia.

Kabla hujasaini mkataba nenda tawini kwako, omba kuongea na watu wa komplayansi, wale wanaokagua kama muamala unafuata sheria, siyo mtu wa dirishani, uwape barua ya ukurasa mmoja: mzigo gani, mnunuzi nani, wanahisa kina nani, benki yake ipi, sarafu ipi, meli ipi, bandari ipi, na kwamba ni chakula cha matumizi ya kawaida. Waombe majibu kwa maandishi. Wakisema hapana kwa dola, uliza euro au dirhamu inawezekana kupitia benki gani. India kwa miaka ilikuwa ikilipana na Irani kwa rupia kupitia UCO Bank, mchele na chai vikapita humo, na Sri Lanka Desemba 2021 walikubaliana kulipa deni lao la mafuta la dola milioni 251 kwa chai, hoja yao ikiwa kwamba chai ni chakula. Wewe mwenye kontena moja huna serikali nyuma yako lakini unaona njia ilivyo: hela isiyopita New York, na mtu asiye kwenye orodha.

Kitu cha kukataa kabisa ni mnunuzi akikwambia hela italetwa na "ndugu yangu" wa mahali pengine ambaye hayumo kwenye mkataba, au kwa hawala, au vipande vipande vya dola elfu tisa tisa. Hapo umeshaingia kwenye sheria yetu wenyewe ya kudhibiti utakatishaji fedha ya 2006, na hiyo haitaki kujua kama ulikuwa unauza maharage. Vivyo hivyo usikubali kuandika Oman kwenye makaratasi wakati mzigo unakwenda Bandar Abbas, bandari ya Irani. Biashara iliyokuwa halali unaigeuza uongo kwa mkono wako.

Kama mnunuzi ni WFP, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, au shirika la msaada mambo ni mepesi zaidi, azimio 2664 la Baraza la Usalama la Desemba 2022 limeweka nafasi ya misaada ya kibinadamu kwenye vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya kuzuia mali. Ila wao ndo wenye kinga, waambie wakuandikie kwenye mkataba kwamba unawahudumia wao.

Meli sasa. Muulize wakala jina la meli na namba yake ya IMO, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho wa meli, tarakimu saba, maana jina na bendera hubadilishwa lakini namba hiyo haibadiliki. Sisi tunalijua hili vizuri, 2012 meli za mafuta za Irani zilikutwa zinapeperusha bendera yetu kupitia usajili wa Zanzibar mpaka serikali ikabidi izifute. Na jua hili, shirika la meli la Irani IRISL limewekwa kwenye kundi la masuala ya silaha za maangamizi kuanzia Juni 2020, na ile ruhusa ya chakula haimlindi aliyepakia kwao. Marekani walitangaza Desemba 2019 wakatoa siku 180 ili wauza chakula na dawa watafute meli nyingine. Mzigo safi, mnunuzi safi, meli mbaya, umekwama. Kontena la Tanga mara nyingi linabadilishwa meli njiani, kwa hiyo uliza na ya pili, siyo inayotoka hapa tu.

Makaratasi ya nyumbani sitakaa nayo, ajenti yeyote wa klaring pale bandarini anayajua: cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, TBS kwa chakula kilichosindikwa, cheti cha uasili TCCIA, forodha TRA. Zingatia tu jina la mnunuzi lifanane herufi kwa herufi kwenye kila karatasi.

Dawa ni habari nyingine kidogo. Huwezi kutoa dawa nje bila kibali cha TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, vikwazo au hakuna vikwazo. Na kama ni mashine, tuseme ya kupimia damu, angalia imetengenezwa wapi na imebeba vipuri vya nani, maana kwa nchi kama Irani na Cuba, sehemu za Marekani zinazodhibitiwa zikizidi asilimia 10 ya thamani basi sheria yao inaifuata hiyo mashine hata ikiwa imekaa Tanga miaka. Muulize aliyekuuzia, kwa maandishi.

Kwenye mkataba weka kifungu kwamba vikwazo vikibadilika kabla ya meli kuondoka unaruhusiwa kusimamisha bila faini, na omba malipo ya awali yafike kabla hujapaki. Faili lote litunze miaka 10, OFAC wameongeza muda huo kutoka mitano kuanzia Machi 2025 na benki zitakuuliza kwa kipimo hicho.

Ikitokea hela imekwama hata baada ya yote hayo, swali la kwanza kuuliza benki ni moja: imekataliwa au imezuiliwa? Iliyokataliwa inarudi kwa aliyetuma, mnapanga njia nyingine. Iliyozuiliwa imewekwa kwenye akaunti maalumu kule Marekani na haitoki mpaka OFAC watoe leseni, maombi yanafanywa mtandaoni na wewe mwenyewe unaweza kuomba, ambatanisha mkataba, invoisi, BL yaani hati ya meli ya kupokea mzigo, cheti cha mimea na zile picha za skrini zenye tarehe. Usibadilishe invoisi wala kutuma upya kwa jina lingine wakati maombi yanaendelea.