Jinsi ya kujaribu udongo kwa chenga za vigae kabla ya kufinyanga

Udongo laini kupita kiasi husinyaa sana na kupasuka, na wenye mchanga mwingi haukubali kukunjwa. Dawa ya ule laini ni chenga: vigae vya vyungu vilivyochomwa, vikatwangwa. Kiasi chake hutofautiana kati ya shimo moja la kuchimbia udongo na jingine, kwa hiyo ni lazima ujaribu.

Kausha udongo juani mpaka bonge lisisikike baridi ukiligusisha shavuni, kisha liponde. Twanga vigae, uchekeche kwa matundu ya milimita 1. Fanya kazi hii nje, umevaa barakoa inayobana vizuri. Vumbi hili huharibu mapafu na madhara yake hayana tiba.

Pima mafungu manne ya udongo mkavu, gramu 500 kila moja. La kwanza liache lilivyo. Mengine yatie chenga gramu 50, 100 na 150. Usibadilishe kitu kingine chochote, hata ukubwa wa chenga, la sivyo hutajua ufa umeletwa na nini. Tia maji kidogo kidogo, kanda, funga kwenye nailoni siku 7.

Viringisha kipande kiwe chembamba kama penseli, ukizungushe kidoleni. Fungu la kwanza likikatika papo hapo, udongo wenyewe haufai kufinyangwa kwa mikono. Likikatika la nne tu, chenga zimezidi.

Sasa kata vibao vitatu kwa kila fungu: sentimita 14 kwa 4, unene 1. Kwenye kila kibao chora mstari wa milimita 100 na ukwaruze namba ya fungu udongo ukiwa bado mbichi, kwa sababu wino wa kawaida huungua. Kausha kivulini, ukivigeuza kila siku; upande mmoja ukitangulia kukauka, kibao hupinda. Vikishakauka pima mstari: ukibaki milimita 91, udongo umesinyaa asilimia 9. Pima tena baada ya kuchoma.

Makosa mengi hutokea kwenye moto. Kibao kinacholipuka mapema kilikuwa na maji ndani, yakageuka mvuke. Pandisha joto polepole mpaka upite nyuzi 100. Ufa mwembamba wenye kingo kali huja moto ukishuka, hasa karibu na nyuzi 573, ambapo chembe za kwatzi (madini yaliyo katika mchanga na udongo) hunywea ghafla. Usifungue tanuri lingali la moto.

Vibao vikitoka vizima, viache wiki mbili. Kibanzi kikibanduka na kuacha kishimo chenye doa jeupe, kulikuwa na punje ya chokaa iliyonyonya unyevu ikavimba. Hapo chekecha udongo kwa matundu madogo zaidi au utafute shimo jingine la udongo.

Kwa chungu cha kupikia chagua fungu lenye chenga nyingi zaidi kati ya yaliyokubali kukunjwa, hata likiwa na uso wa kukwaruza, maana chenga huzuia ufa usisambae chungu kikipata moto ghafla. Kwa chombo cha kusuguliwa king'ae, gramu 50 zinatosha, na chenga zichekechwe laini zaidi.