Kabla hujampeleka rihabu: mambo ya kuzingatia kwa walio Lamu na Malindi

Familia nyingi za Pwani huchagua kituo cha rihabu kwa pupa. Kijana ameuza simu ya mamake, au ameokotwa ufuoni hajitambui, na kulipokucha ndugu wanachangishana, wanapiga simu huku na huku, na kituo cha kwanza kusema "mleteni" ndicho anachopelekwa. Hasira ikishika usukani, hakuna anayeuliza huko watu wanaishi vipi. Wiki tatu baadaye kijana katoroka, na lawama zote zinamwangukia yeye. Wapo wanaotoroka kwa kiu ya unga, yaani heroini, hilo halifichiki. Lakini wapo pia wanaotoroka kwa kuwa walilazimishwa kuishi kinyume na wanavyoamini, na hilo lingeulizwa kabla hawajapanda basi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya karatasi na kalamu, na ifanywe siku ya kawaida, si siku ya arosto, yale mateso ya mwili ukikosa ulichozoea. Mwulize anayekwenda, tena yeye mwenyewe, si mjomba wake: ni mambo gani ambayo hata ukiwa mgonjwa hutaki kuyaacha? Sala tano? Kanisa la Jumapili? Kuzungumza na watoto kila wiki? Kuelezwa wazi kila dawa unayopewa ni ya nini? Mwingine atakujibu kwamba ameshiba mawaidha, anataka daktari na mshauri nasaha basi. Liandike hilo vilevile, hata kama linakuchoma. Mzazi naye aandike yake kwenye karatasi nyingine. Zikigongana, na mgonjwa ni mtu mzima, mimi ningefuata ya mgonjwa. Vituo vingi huzungumzia miezi mitatu ya kulala huko, na atakayelala ni yeye.

Lipo jambo moja lisilongoja maoni ya mtu, nalo ni usalama wa siku za mwanzo. Anayekunywa kwa wingi kila siku, iwe chang'aa, mnazi au ya chupa, akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kutetemeka na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Vidonge vya usingizi kama bugizi navyo vikikatwa ghafla huleta degedege. Heroini ina njia yake: arosto huanza saa kadhaa baada ya kete ya mwisho, yaani kile kipakiti cha unga, hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki moja au siku kumi. Inatesa, mtu anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, ila ni nadra kumuua mwenye afya yake, isipokuwa akiachwa mpaka akaishiwa na maji mwilini. Kieleze kituo ukweli wote wa anachotumia, pamoja na kile mnachokionea haya. Kisha uliza: usiku anabaki nani, muuguzi au mlinzi? Hospitali ya karibu ni ipi, na gari lipo? Ukiuliza habari ya degedege ukajibiwa "tutamwombea", shika njia yako.

Leseni ni swali la dakika moja. NACADA ndiyo mamlaka inayoidhinisha vituo vya aina hii nchini. Omba kuonyeshwa cheti, tazama tarehe yake, na ukitaka kuhakikisha piga 1192, haina malipo. Kituo chenye mambo safi hakikasiriki kuulizwa.

Sasa tuje kwenye dini, maana huku kwetu ndiko mambo mengi yanakofungwa na kufunguliwa. Bango la kituo litakwambia upendo, heshima na matumaini. Ratiba ya siku ndiyo itakayokwambia saa kumi na moja alfajiri kuna nini. Omba ratiba hiyo, isome mstari kwa mstari, halafu uulize kila kipindi: hiki ni cha hiari au cha lazima? Kuruhusiwa kusali na kulazimishwa kusali ni vitu viwili mbalimbali, na vyote viwili huitwa "kituo cha maadili". Malindi ina Waislamu, ina Wagiriama wa makanisa mbalimbali, ina wanaoshika mila za wazee, na ina wasioshika chochote. Mwislamu wa Lamu anaweza kujikuta kwenye kituo ambapo siku huanza kwa ibada ya Kikristo, na Mkristo wa Watamu akajikuta anaamshwa kwa Alfajiri. Wengine hawajali kabisa. Nimewasikia wakisema waliponea mikononi mwa watu wa dini nyingine. Mwingine jambo hilo humkereketa kila asubuhi mpaka akaondoka. Hakuna atakayejua bila kumwuliza.

Swali la dini huingia hata mahali usipolitarajia. Vituo vingi hufuata zile hatua kumi na mbili zilizotokana na Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzia Akron, Ohio, huko Marekani, mwaka 1935. Hatua hizo zinamtaja Mungu, ingawa zinasema ni Mungu kwa namna kila mmoja anavyomfahamu. Muumini wa dini yoyote huweza kukaa humo, na Waislamu wa Baltimore, Marekani hukohuko, walianzisha Millati Islami mwaka 1989, hatua hizohizo wakazipanga Kiislamu. Asiyeamini naye aulize kama mshauri yuko tayari kufanya kazi naye kwa njia nyingine, ile ya kuchunguza mawazo na mazoea yanayomrudisha baze, maskani ya watumiaji. Na kila mtu aulize kuhusu kule kukiri mambo yake mbele ya kundi. Kwa aliyelelewa kwenye sitara, kusimulia aibu za nyumbani mbele ya watu ishirini si jambo dogo. Kituo kizuri kitakwambia kwamba yapo ya kundini na yapo ya chumbani na mshauri mmoja.

Wapo pia wanaoamini kwamba kijana ana jini, na wanataka asomewe ruqya au anyweshwe kombe kwanza. Sina ugomvi na kisomo. Mtu akisomewa akatulia, alhamdulillahi. Kipimo changu ni kimoja: je, kisomo au maombi hayo yanakuja na sharti la kuacha dawa? Mtu wa ARV, wa kifua kikuu, wa kifafa au wa ugonjwa wa akili akiambiwa aweke vidonge pembeni ili imani ifanye kazi, hapo ameingia hatarini. Na pahala panapofunga watu minyororo au kuwachapa kwa jina la kuwatoa shetani si pa tiba. Katiba yetu, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya mateso na adhabu ya viboko, na teja ni mtu.

Methadoni, dawa wanayopewa watumiaji wa heroini badala ya unga, ndiyo inayogawanya familia zaidi. Wazee husema ni kuhamisha ulevi kutoka mkono huu kwenda ule. Nawaelewa, ila dawa hii haifanyi kazi kama kete. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, hukaa mwilini siku nzima, huzuia arosto na hupunguza ile kiu, mtu akapata utulivu wa kwenda kazini na kulea wanawe. Malindi haijaanza leo: Omari Project ilishika kazi ya kuwahudumia watumiaji wa heroini tangu 1995, na kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika hospitali ya serikali mwaka 2015. Sasa, kama wewe unaamini kupona ni kutokuwa na dawa yoyote mwilini, tafuta kituo chenye msimamo huo, lakini uijue hatari yake, nitakayoigusia mbele. Kama unatumia methadoni au unaifikiria, uliza kabla ya kulipa iwapo kituo kinampokea mtu wa methadoni, maana vingine humtaka aache kwanza, na kuacha ghafla ni balaa. Anayefunga Ramadhani aulize mapema saa za dirisha la dawa, asikie kama zinaweza kusogezwa. Amwone pia shehe anayemwamini. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na wengi wanalijua hilo kwa ugonjwa wa sukari ila wanalisahau kwa ugonjwa huu.

Kwa wanawake maswali huongezeka, na vituo vya kuwapokea hupungua. Wanalala wapi, na mlango unafungwa kwa ndani? Akipekuliwa siku ya kuingia, anampekua nani? Mshauri wa kike yupo kweli, au ni jina kwenye karatasi? Ataruhusiwa buibui na hijabu? Mwenye mtoto mchanga aulize kama anaweza kwenda naye. Mwenye mimba na anatumia heroini asijikatishe mwenyewe nyumbani, amwone daktari kwanza, kwa sababu arosto inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kuna familia zinazomficha binti ndani miaka mizima kwa kuogopa maneno ya watu, na kakake anapelekwa kituo cha pili na cha tatu. Hilo silitetei.

Maneno ya watu yana uzito wake, hasa Lamu, ambako ukipita barabara ya Usita wa Mui na begi, kabla hujafika gatini baraza nzima inajua unakokwenda. Ndiyo maana wengi hupenda kuvuka hadi Mokowe na kushika basi la Malindi au Mombasa, wakapone mbali. Umbali una faida: muuzaji hamjui, marafiki wa baze hawamfikii. Una hasara pia: mama hawezi kwenda kumwona kila wiki, na kikao cha familia, ambacho kwenye vituo vizuri ni sehemu ya tiba, kinageuka simu ya dakika tano. Amua kipi kina thamani kwenu zaidi, halafu uliza siku za kutembelewa zikoje na kama kikao kinaweza kufanywa kwa video.

Kuhusu siri, uliza jambo moja la siku hizi: picha. Vituo vingine hupenda kuwarekodi watu wakitoa ushuhuda na kuzirusha mitandaoni. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Kibali cha kurekodiwa kisifichwe ndani ya fomu ya kuingilia, na mtu anayetapika arosto hayuko katika hali ya kutoa kibali cha namna hiyo. Isome fomu nzima nyumbani, kwa Kiswahili, kabla ya kutia sahihi.

Pesa: taka bei kwa maandishi, ujue kama dawa na vipimo viko ndani, SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia nini kama inalipia, na akiondoka mapema kinarudi nini. Kazi za usafi na shamba ni za kawaida na wengine huzipenda. Akitumwa kujenga nyumba ya mwenye kituo, hiyo ni habari nyingine.

La kurudi nyumbani lipangwe kabla ya kwenda. Mwili uliokaa miezi bila heroini haubebi tena kiasi ulichozoea. Kete ileile ya zamani inaweza kumzimisha pumzi siku ya kwanza tu akiteleza, na hili huwakuta hasa waliotoka vituoni na jela wakiwa "safi". Kwa hiyo kiulize kituo kinafuatilia watu wake kwa muda gani baada ya kutoka, na nani anapokea simu saa nne za usiku. Uliza kama wanawafundisha ndugu kutambua aliyezidiwa, midomo inapogeuka rangi na pumzi kuwa chache, na kama naloksoni, dawa inayorudisha pumzi, inapatikana huko mnakoishi. Miadi ya kwanza na mshauri au kliniki iwe ndani ya wiki ileile anayorudi, na iandikwe kabla hajaondoka kituoni.